Mpaka rafiki amkemee

Mhariri, swali lenu la wiki lilikuwa: "Kwenu mfiwa ananyoa au anaacha nywele?" Mimi ninayo majibu mawili, maana nyumbani ni Rorya, Tanzania, na riziki naipata kwa mashine ya kunyolea hapa Golders Green, London, ambako wateja wangu wengi ni Wayahudi.

La Rorya ni fupi. Babu alipofariki tuliketishwa mkekani, wakubwa kwa wadogo, tukanyolewa vipara. Basi.

Kwa Wayahudi ni kinyume. Aliyefiwa na mwenzi wake wa ndoa, mtoto, kaka au dada hagusi nywele wala ndevu siku 30. Marabi, walimu wao wa dini, waliichimbua hukumu hii katika Mambo ya Walawi 10: Nadabu na Abihu, wana wa kuhani Haruni, walipoteketea, Haruni na wanawe waliobaki walikatazwa kuachia nywele zao kwa kuwa walikuwa kwenye huduma. Kama kuhani alihitaji kukatazwa, wakasema, basi mfiwa wa kawaida ndivyo afanyavyo. Najua mtanitajia Ayubu, aliyenyoa kichwa. Lakini Kumbukumbu la Torati 14 inakataza kujitia upara kwa ajili ya mfu.

Mteja mmoja aliyefiwa na kaka yake alikuja wiki ya pili, akagusa mdomo wa juu: "Hapa tu, yananiingia kwenye supu." Masharubu yanayozuia kula huruhusiwa kupunguzwa zikipita siku 7. Nilikata kidogo sana, kwa mkasi, kwa woga.

Aliyefiwa na baba au mama ndiye mwenye sheria inayonishangaza hadi leo. Talmudi, mkusanyo wa kale wa mafundisho ya marabi, haimpi mfiwa huyo tarehe: anaacha nywele mpaka rafiki zake wamkemee. Wengi huhesabu kemeo hilo baada ya siku 30 tu, na jamii nyingine zimeamua kuweka miezi 3 moja kwa moja. Mimi naona ile ya kukemewa ina akili zaidi. Mtoto gani atajipangia mwenyewe kwamba leo mama ametosha kuliliwa?

Niliona ikitokea mlangoni pangu. Mzee mmoja, mamaye amezikwa miezi miwili na ushei, alikuwa akipita kila asubuhi kwenda sinagogi, ndevu zimempanda mpaka karibu na macho. Siku hiyo rafiki yake alimsimamisha pale nje, akapaza sauti: "Wewe! Mama yako angekuona hivi angekufungia mlango!" Nilidhani wanagombana, nikazima mashine. Mzee alitazama chini, akahesabu kitu kwa vidole, kisha akaingia na kukaa kitini bila kuuliza bei.

Nilimnyoa nusu saa, hakusema neno. Nilipomwinulia kioo hakukitazama. Alimgeukia rafiki yake, aliyekuwa bado kasimama kizingitini, akamwuliza, "Imetosha?"