Kwa mnaoanza wodini: aliyejaribu kujiua hajapona kwa sababu amemaliza uji

Mtapangiwa zamu, na kabla hamjazoea hata majina ya wenzenu mtampokea mtu aliyejaribu kujiua. Faili lake litajaa mambo ya mwili: presha, figo, dripu, kiasi cha mkojo. Kwenye historia utakuta mstari mmoja tu, "ugomvi wa kifamilia". Siku ya tatu vipimo vinatulia, ndugu wanaomba ruhusa, na kitanda kinatakiwa. Tanga tuna msemo wetu, waja leo waondoka leo. Kwa mgonjwa huyu msikubali uwe hivyo mpaka mtu mmoja amekaa naye na kumuuliza moyo wake umekuwaje.

Ugomvi mara nyingi ni wa kweli. Lakini nyumba ngapi Ngamiani na Chumbageni zinagombana kila siku na watu wanalala salama? Mara nyingi maneno yale yamemkuta mtu ambaye ameshachoka kwa wiki nyingi, na hakuna aliyejua kuwa ile ni sonona, ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka. Wapo pia waliofanya kwa hasira ya saa moja bila ugonjwa wowote wa hisia, na wapo ambao shida yao ni pombe au dawa za kulevya. Kwa hiyo usimgongee mtu muhuri kabla hujamsikiliza.

Namkumbuka dada mmoja wa miaka ishirini na kitu, kitanda cha dirishani. Mama mkwe alikuwa ameketi miguuni na chupa ya uji, akimjibia kila swali. Nikamwambia, "Mama, shikamoo. Naomba nikae na mwenzangu kidogo, nikimaliza nitakuita." Nikavuta pazia, nikakaa kwenye stuli ili macho yetu yalingane. Sikuanza na tukio, nilianza na usingizi. "Mdogo wangu, kabla ya siku ile ulikuwa unalalaje?" Akanyamaza kwanza. Kisha akasema, "Sista, mimi saa tisa usiku ni macho. Nasikiliza mpaka adhana ya alfajiri. Asubuhi ndiyo mbaya kuliko usiku." Alikuwa akilikunja pindo la kanga kidoleni, analikunjua, analikunja tena. Chakula kilikuwa hakina ladha tangu mfungo uliopita, mtoto akilia alijiona yeye ndiye mzigo wa nyumba. Ugomvi ulikuwa wa siku moja. Haya mengine yalikuwa ya miezi.

Hivyo ndivyo sonona inavyosema hapa kwetu. Wachache watakuambia "nina huzuni". Utasikia kichwa kinawaka moto, moyo unakwenda mbio, mawazo yamezidi, mwili hauna nguvu. Kipimo cha sonona kiitwacho PHQ-9 kina maswali tisa na alama kutoka 0 hadi 27, na kuanzia 10 tunachunguza zaidi. Kitumieni, lakini ulizeni juu ya wiki mbili kabla ya tukio. Mtu aliye na mpira puani na dripu mkononi, usingizi wake na hamu yake ya kula leo havikuelezi mengi.

Swali la kujiua liulizeni kwa jina lake: "Je, mawazo ya kujiua bado yapo?" Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo. Wengi wakiulizwa wanashusha pumzi.

Sasa kosa langu. Kijana wa bodaboda alikuwa na dalili zote za sonona, nikazieleza vizuri kwa daktari, akaanzishiwa fluoksetini, dawa ya sonona. Sikumuuliza kama amewahi kupitia kipindi cha kinyume chake. Baada ya wiki kadhaa aliletwa na mjomba wake, hajalala siku nne, anaongea bila kituo, pikipiki ameuza kwa bei ya kutupa. Mjomba akasema, "Mbona hata mwaka juzi alikuwa hivihivi?" Ilikuwa bipola, ugonjwa wa hisia zinazoshuka mno na kupanda mno kwa vipindi, na dawa ya sonona peke yake inaweza kumrusha mgonjwa wa bipola upande wa pili. Tangu siku ile siachi kuuliza, tena namuuliza na ndugu: kuna wakati alilala kwa muda wa saa mbili au tatu tu na bado akawa na nguvu, mipango mingi, fedha zikatumika ovyo? Jibu hilo linabadilisha tiba yote. Dawa ya lithiamu, kwa mfano, imeonekana kupunguza vifo vya kujiua kwa wagonjwa hawa, ila lazima damu ipimwe mara kwa mara.

Kuna hofu nyingine hamtaiona kwenye faili. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kuwa kifungu chao cha aina hiyo ni kinyume cha katiba. Huku kwetu mgonjwa na ndugu wanaweza kuficha ukweli, wakasema "alikosea dawa". Kazi yetu si ya uaskari. Mwambieni hivyo mapema, na sauti zenu zisifike kitanda cha pili.

Kuruhusu ndiko kunakonitia wasiwasi kuliko yote. Wiki za kwanza nyumbani ni za hatari kubwa, na dawa ya sonona huchukua wiki kadhaa kufanya kazi. Nguvu za mwili zinaweza kurudi kabla moyo haujatulia, kwa hiyo tabasamu la siku ya tatu lisiwadanganye. Dawa zitoke kidogo kidogo, akae nazo ndugu anayeaminika, na vitu vya hatari viondolewe nyumbani kabla mgonjwa hajafika. Kliniki iwe ndani ya siku saba. Kama anatoka Pangani au milima ya Lushoto, ulizeni nauli ataipata wapi.

Kisha pigeni simu. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani (WHO) katika Brazili, India, Sri Lanka, Iran na China, uliotangazwa mwaka 2008, ulikuwa na watu 1,867 waliojaribu kujiua. Baadhi yao walipewa mazungumzo ya saa moja, kisha wakafuatiliwa kwa simu au kutembelewa mara tisa ndani ya miezi 18. Waliojiua katika kundi hilo walikuwa asilimia 0.2, na katika kundi la huduma ya kawaida asilimia 2.2. Mashine hapo hakuna.

Mimi nina daftari la jalada gumu: jina, namba ya mgonjwa, namba ya ndugu, tarehe ya kupiga. Yule dada wa dirishani nilimpigia Alhamisi ya kwanza, akajibu kwa sauti ndogo, hakusema mengi. Nikampigia tena Jumatatu. Ukihamishwa wodi, mkabidhi mwenzako daftari mkononi na umwonyeshe ni nani wa kupigiwa kesho.