Jibu: Bango la majina ya wachoraji wanawake linakunjamana

Umeuliza kwa nini bango lako la kudarizi linakunjamana, na uanze na mchoraji gani kati ya waliosahauliwa na majumba ya sanaa.

Kitambaa hukunjamana uzi ukivutwa mno au kikilegea kwenye fremu ya duara ya kudarizia. Kikaze mpaka kilie kama ngoma ukikigonga, na kitoe kila ukipumzika, la sivyo alama ya duara haitoki. Tena kifue kabla ya kukata: pamba isiyofuliwa itanywea baadaye na kuvuta mishono yote.

Msomaji aliye mita 3 anahitaji herufi za angalau sentimita 2.5. Tumia mshono wa mnyororo (vitanzi vinavyofuatana kama pete za mnyororo), nyuzi 3 kati ya 6 zinazounda uzi wa kudarizi, uzi ukatwe vipande vya sentimita 45. Virefu zaidi huchakaa na kujifunga mafundo. Uzi mwekundu uloweke kwanza, usije ukachuja rangi.

Mchoraji? Judith Leyster wa Uholanzi, bila kusita. Picha zake zilihesabiwa kuwa za Frans Hals, mchoraji mwanamume wa Uholanzi wa zama zake, hadi mwaka 1893 alama yake ilipotambuliwa kwenye mojawapo: J na L zilizoshikana, na nyota pembeni. Darizi alama hiyo yenyewe, kubwa, nyota kwa uzi wa dhahabu, jina kamili chini yake. Ni ushahidi aliouacha kwa mkono wake, na una uzito kuliko kaulimbiu yoyote utakayoitunga.

Nyuma, shona mfuko wa fimbo ya kutundikia wenye kina cha sentimita 10, upana wote wa bango. Pini za pembeni pekee huliacha katikati likibonyea.