"Its" au "it's"? Ritifaa inakaa wapi

SWALI: Naandika barua za kuomba kazi kwa Kiingereza. Kila nikimpa mtu asahihishe, "its" na "it's" zinarudi zimezungushiwa wino mwekundu. Shuleni tulifundishwa kwamba ritifaa (alama hii: ') na "s" huonyesha mwenye mali, kama "Juma's book". Mbona mkia wa paka si "it's tail"?
Msomaji, Tanga

JIBU: Ulifundishwa sawa, ila kanuni hiyo ni ya nomino: Juma, paka, kampuni. Viwakilishi vina maneno yake ya umiliki, nayo hayachukui ritifaa: his, hers, ours, yours, theirs, its. Hakuna anayeandika "hi's", na "its" ni ndugu yake huyo.

Katika "it's" ritifaa imeshika nafasi ya herufi zilizodondoshwa: "it is" au "it has". Hapa Kiswahili hakitusaidii. Ritifaa ya ng'ombe haidondoshi kitu, inaonyesha sauti tu. Na tukifupisha "mwana wangu" kuwa "mwanangu" hatuweki alama yoyote.

Kabla ya kuandika, rudisha neno refu. "The company changed it is name" haisomeki, basi ni "its". Ukikwama, tafsiri: ukipata -ake ni "its"; ukipata "ni" au -me- ni "it's". Tazama sufuria hii: "It's lost its lid", imepoteza kifuniko chake. -Me- imetangulia, -ake ikafuata.

Kipimo hicho hufaa kwa "your" (-ako) na "you're" (wewe ni), na kwa "whose" (ya nani) na "who's" (nani ni, nani ame-). "Their" ni -ao, "they're" ni wao ni, "there" ni pale. Hizi tatu hutamkwa karibu sawa, kwa hiyo usitegemee sikio.

Huenda ukakuta "it's" ya umiliki katika maandishi ya kale. Hata Katiba ya Marekani ya 1787 ina "it's inspection Laws", kwani enzi hizo tahajia hiyo ilitumika. Leo ni kosa.

Kwa barua zako kuna njia ya mkato. Barua rasmi haitaki vifupisho, kwa hiyo "it's" isiwemo kabisa. Ukimaliza, bonyeza Ctrl na F, tafuta "it's", na kila utakayoikuta igeuze iwe "it is", "it has" au "its". Ukiandikia kwenye simu rudia ukaguzi huo, maana kibodi hupenda kujiongezea ritifaa yenyewe.