Jiliwa ndogo ya vyuma chakavu: anza na jeki mbovu

Mkuu, umeuliza kama skrubu ndefu ya hadwea itatosha kwa jiliwa (kifaa cha kubania chuma unapofanya kazi) ya kujitengenezea kwa skwea paipu, yaani paipu ya mraba. Itakaza, ila meno yake ya pembe-tatu yanakwisha haraka. Tafuta jeki mbovu ya mkasi, ile ya gari dogo. Skrubu yake ina meno mapana na inakuja na nati yake.

Paipu ya milimita 40 huingia ndani ya ile ya 50 yenye unene wa milimita 4, ikibaki nafasi ya milimita 2 tu. Kwanza piga tupa ule mshono wa weldingi ulio ndani ya paipu kubwa, la sivyo itakwama na utalaumu vipimo bure.

Watu wengi hukosea nati. Isikae kwenye paipu ndogo, ile inayotembea. Ichomelee kwenye ncha ya bomba la robo tatu ya inchi, kisha bomba hilo lishikwe na bamba la nyuma la paipu kubwa. Skrubu itazunguka mahali pamoja kwenye bamba la mbele la paipu ndogo. Iwekee pete upande wa ndani, maana bila hiyo taya haitarudi ukifungua.

Taya, flatibaa (chuma bapa) ya unene wa milimita 10 inatosha. Zibane pamoja kwanza, piga nukta chache za weldingi kuzishikiza, ndipo uchomelee kwa kupokezana pande, kwa sababu joto huvuta chuma.

Paipu ikiwa ya mabati, saga zinki yote kabla ya kuchomelea, na uchomelee nje. Moshi wake unaleta homa.