Mkuu, usiwaandikie hotuba. Mimi niliwaandikia, nikaumbuka

Umeomba ushauri wa kuwaandaa wanafunzi wako kwa mdahalo, na hapo uliposema "tuna wiki tatu, nimeshaanza kuwaandikia hotuba wakariri" ndipo nilipoweka kikombe chini. Mengine uliyouliza, sijui mada gani, dakika ngapi, waamuzi, zawadi, nitayagusa nikikumbuka. Kwanza chana hizo karatasi.

Mimi nilikabidhiwa klabu ya mdahalo kwa sababu aliyekuwa nayo alihama, na sifa yangu pekee ilikuwa kuongea sana vikaoni. Nikamfuata mtu aliyejulikana kama bingwa wa mambo haya, mtu wa semina na vyeti, nikamuuliza naanzia wapi. Akanijibu bila hata kupepesa macho: "Waandikie. Mtoto hujifunza kwa kuiga. Wakishakariri hotuba tatu nne nzuri, ufundi utakuja wenyewe." Nikamwamini! Hadi leo nikimwona nabadilisha njia, na ni kwa usalama wake, si wangu.

Mada yetu ilikuwa "Shule ziache kutoa kazi za nyumbani", sisi tukiwa watetezi, yaani tunaiunga mkono mada. Nikauchukua mzimamzima mfumo wa mashindano ya dunia ya mdahalo wa shule, yale yaliyoanza Australia mwaka 1988: wasemaji watatu kila upande, dakika 8 kila mmoja, kisha hotuba ya majumuisho ya dakika 4. Dakika 8, mkuu! Mtu mzima ukimpa kipaza sauti dakika 8 bila karatasi, ya tatu haijafika anaanza kusalimia upya. Wangu hawakuwahi hata kusoma tangazo mbele ya darasa. Ndiyo maana nikaandika hotuba zote tatu, usiku, kwa raha zangu, na methali nikanyunyiza.

Sasa angalia ujinga wenyewe ulipokaa. Katika mfumo ule, hotuba unayoweza kuiandaa karibu yote mapema ni moja tu, ya msemaji wa kwanza wa watetezi, maana hakuna aliyezungumza kabla yake. Wa pili tayari ana mtu wa kumjibu. Wa tatu kazi yake karibu yote ni kujibu: aseme pande mbili zimegongana wapi, na pale zilipogongana nani kamzidi mwenzake. Na huyo wa tatu nilimwandikia neno kwa neno. Yaani niliandika majibu ya hoja ambazo hazijatoka kinywani mwa mtu yeyote. Hapo sikuwa mwalimu tena, nilikuwa mpiga ramli.

Ramli ikagoma. Msemaji wa kwanza wa wapinzani, katoto kadogo, sauti kama anaomba ruhusa ya kutoka nje, akasema: "Tunakubaliana nao kwamba kazi ni nyingi mno na zinachosha. Zipunguzwe. Tunachopinga ni kuzifuta." Basi. Nusu ya mzigo wetu kaubeba kaondoka nao. Msemaji wangu wa pili akasimama, akatumia dakika zake zote kuthibitisha kwamba kazi zinachosha, jambo ambalo ukumbi mzima ulishakubaliana nalo. Akaja wa tatu, binti makini kuliko wote, akafungua karatasi yenye mwandiko wangu, akasoma: "Wapinzani wetu wanadai kwamba watoto hawachoki."

Mtu huko nyuma akauliza, "Nani kasema?" Ukumbi ukaangua kicheko.

Binti akaitazama karatasi. Akaigeuza upande wa pili, kana kwamba huenda nimemwandikia huko la kufanya. Akarudi mwanzo: "Mheshimiwa mwenyekiti, waheshimiwa waamuzi..." Akafika palepale, "wanadai kwamba watoto", akakwama. Mpinzani mmoja akanyanyuka, "Taarifa!", yaani anaomba kumkatiza kwa neno fupi. Nami nilishawaonya wakatae taarifa zote zisije zikawavurugia walichokariri. Akamjibu, "Hapana, asante." Hata hilo nilimkaririsha mimi. Kisha binti akakaa chini, mtunza muda kashika kengele hajui aigonge au aiache.

Alama kule ni 40 za maudhui, 40 za uwasilishaji, 20 za mkakati. Usiniulize tulipata ngapi. Mwamuzi mmoja alinivuta pembeni kwa upole, "Hizi hotuba ziliandikwa na nani?" Nikamwambia tulishirikiana. Binti hakurudi klabuni. Nilipomwita akasema ana kazi nyingi za nyumbani.

Kwa hiyo siku hizi nina sheria moja, na wanafunzi wangu wameichoka: HUJIBU HOJA MPAKA MWENYE HOJA AKUBALI KWAMBA UMEIELEWA. Siku ya kwanza hakuna hotuba, hakuna jukwaa, hakuna "mheshimiwa". Mmoja anatoa hoja moja kwa dakika moja: "Kazi za nyumbani zinamwonea asiye na mtu wa kumsaidia." Mwingine anasimama, "Umesema kazi ni mbaya." Je, ndivyo ulivyosema? "Hapana." Kaa chini. Wa tatu: "Umesema kazi ileile ni nyepesi kwa mwenye msaada na nzito kwa asiye nao." "Ndiyo." Haya, sasa mjibu. Wiki ya kwanza watakaa chini wengi mpaka utadhani umekosea mchezo. Vumilia. Wanachogundua ni kwamba walikuwa hawasikilizi, walikuwa wanasubiri zamu.

Karatasi ninayoruhusu ni moja, tupu, imekunjwa katikati: kushoto wanachosema wale, kulia utakachojibu, maneno mawili matatu kila mstari. Nikiona sentensi nzima upande wa kulia kabla wapinzani hawajafungua mdomo, naichukua.

Dakika: anza na 2, ukiona wanamaliza wakiwa bado na la kusema, nenda 4. Zile 8 waachie wenyewe wenye mashindano. Taarifa isizidi sekunde 15, dakika ya kwanza na ya mwisho ya msemaji haziguswi, na kila mmoja apokee angalau moja, hata kama anatetemeka. Na wabadilishane pande, aliyetetea leo kesho apinge. Umesema unaogopa watababaika mbele ya wageni. Watababaika, ndiyo. Lakini anayebabaika kwa maneno yake mwenyewe huokota lingine akaendelea. Wangu alikuwa anatafuta maneno yangu.

Waamuzi na zawadi, kusema kweli nimeshasahau uliuliza nini, wadau wengine watakusaidia. Mwenyekiti mchague anayejua kunyamaza. Wewe nijibu hili tu: hotuba ya msemaji wa tatu umeshaiandika? Kama umeshaiandika, anza kuchana hiyo.