Irudishe SL kabla ya ripoti ya kesho

Mkuu, habari ya broka gani anatoa pesa haraka kwa M-Pesa iweke kando kwanza. Umesema umeuza dhahabu mtandaoni ukitegemea bei ishuke, mwalimu wako wa Telegram amekuambia utoe stopu losi (SL, ile bei unayoweka ili biashara ijifunge yenyewe hasara isizidi) "ili broka asikuwinde", yaani asiisukume bei hadi iigonge, na kesho Ijumaa inatoka ripoti ya ajira ya Marekani. Irudishe hiyo SL sasa hivi, ndipo uendelee kusoma.

Mimi niliambiwa maneno hayohayo. Akaunti ilikuwa na dola 720, hela ya kodi ya fremu. Niliuza loti 0.05, SL ikiwa dola 8 juu ya bei niliyoingilia, yaani ikigongwa ninapoteza dola 40. Ripoti ikatoka, mshumaa wa bei kwenye chati ukapanda. Bei ilipofika dola 6 juu, ikaingia sauti ya mwalimu kwenye grupu: "Toeni SL, hapa wanasafisha watu tu, inarudi." Nikatoa. Ilipofika dola 10 akasema tuongeze, nikaongeza 0.05. Ilipofika 15 akasema hiyo ndiyo bei ya zawadi, nikaongeza 0.10. Sasa piga hesabu: loti 0.01 ya dhahabu ni aunsi moja. Nilikuwa nimebeba aunsi 20, kila dola moja inayopanda inanikata dola 20. Usiku, bei ikiwa karibu dola 45 juu ya nilipoanzia, broka akazifunga oda zote mwenyewe kwa kuwa pesa ilikaribia kuisha. Dola 40 niliyokataa kuipoteza ikaondoka na karibu 700.

Asubuhi ujumbe wa kuuza haukuwepo tena kwenye grupu. Mahali pake pakawekwa skrinishoti ya faida ya kununua dhahabu. Waliouliza wakaondolewa.

Elewa huyu mwalimu anakula wapi. Kile kiungo alichokupa kufungulia akaunti kinamfanya wakala wa broka, na wakala hulipwa kamisheni kwa loti unazofanya, upate au ukose. Kila aliposema "ongezeni", alikuwa anajiongezea mshahara. Kule Brazili watafiti waliwafuatilia watu waliofanya biashara ya siku kwa siku kwenye soko la mikataba ya baadaye: kati ya waliodumu zaidi ya siku 300, asilimia 97 walipoteza pesa. Halafu mtu anakuuzia darasa la wiki mbili na kukuahidi kuacha kazi!

Mpime hivi. MetaTrader, ile programu ya kufanyia biashara, ina nywila mbili, moja ya kuendeshea akaunti, nyingine ya kuangalia tu. Mwombe ya kuangalia, ya akaunti halisi na si demo ya pesa za mazoezi, yenye historia ya mwaka mzima. Hawezi kuibiwa hata senti kwa nywila hiyo. Wangu nilipomwomba alinitumia picha ya gari.

Na huko kuwindwa: chati ya MetaTrader kwa kawaida inachora bei moja tu, ile unayouzia. Oda ya kuuza hufungwa kwa bei ya kununulia, iliyo juu yake. Wakati wa habari kubwa, na usiku siku ya soko inapogeuka, spredi, yaani pengo kati ya bei hizo mbili, inatanuka, SL inagongwa huku chati ikionyesha bei haijafika. Washa mstari wa bei ya pili kwenye mipangilio utauona. Ni kweli pia SL inaweza kurukwa. Tarehe 15 Januari 2015, benki kuu ya Uswisi ilipoacha kulinda kiwango cha faranga 1.20 kwa euro, SL nyingi zilifungwa mbali sana na zilipowekwa, na broka Alpari UK ikafilisika. Kwa hiyo beba loti ndogo, SL ikiwepo.

Anza na hela unayokubali kuipoteza, igawe kwa umbali wa SL. Unakubali dola 20, SL iko dola 10 juu: hizo ni aunsi 2, loti 0.02. Kama umebeba zaidi ya hapo, funga sehemu leo. Ukishaiweka SL, isogeze kuelekea faida tu, hata mwalimu apige kelele vipi. Ukimaliza andika hapa umeiweka bei gani.