Aligundua, alibuni au alivumbua?

SWALI: Natafsiri makala kuhusu kesi ya Marekani ya mshipa wa damu wa bandia. Niliandika, "Dkt. Goldfarb aligundua mshipa huo, akapewa hakimiliki." Mhariri amekataa kitenzi na nomino. Je, yuko sahihi?

JIBU: Yuko sahihi. Nomino haina mjadala mrefu: hakimiliki ni ya vitabu, nyimbo na michoro. Kifaa cha tiba hulindwa kwa hataza, yaani haki anayopewa mvumbuzi ya kuwazuia wengine kuutumia uvumbuzi wake bila ruhusa. Usikimbilie "hatimiliki" pia. Kwa Watanzania wengi hiyo ni karatasi ya kiwanja.

Kitenzi ndicho chenye uzito, kwa sababu kesi yenyewe ilisimama hapo. Peter Cooper, aliyeongoza kiwanda cha kampuni ya Gore mjini Flagstaff, Arizona, na David Goldfarb, daktari wa Phoenix, wote waliomba hataza mwaka 1974. Mirija ya kutengenezea mshipa huo ilitoka kwa Cooper. Goldfarb aliipandikiza kwenye mbwa mwaka 1973, akabaini ni upi uliofaa na kwa nini: nyuzi ndogo za ukuta wake zilikuwa na urefu unaoacha nafasi ya tishu kuota ndani.

Mahakama ilikubali kwamba Cooper ndiye aliyetangulia kuwa na wazo. Hapo Kiswahili kina "kubuni", kitenzi cha kazi ya kichwani. Lakini Goldfarb ndiye aliyetangulia kulitimiza wazo likawa kitu kinachofanya kazi. Cooper akadai majaribio yale yahesabiwe kuwa yake, maana mirija ilikuwa yake. Akakataliwa: hakuwa amemweleza Goldfarb habari ya urefu wa nyuzi. Hataza ikatoka mwaka 2002, kwa jina la Goldfarb. Mwaka 2007 baraza la wazee wa mahakama likaamuru Gore ilipe dola milioni 185 kwa kuikiuka hataza hiyo, na jaji akaongeza juu yake.

Sasa ukiandika "aligundua", umeuzika mgogoro wote. Hugunduliwa kilichokuwapo tayari, kama kijidudu cha ugonjwa, na mshipa ule haukuwapo. "Alibuni" nako utakuwa umempa Goldfarb kile ambacho mahakama ilimpa Cooper. Mimi ningechagua "kuvumbua", kwa kuwa kinabeba wazo pamoja na kulifikisha kwenye kitu halisi. Wapo wanaokitumia sawasawa na "kugundua", na kamusi zinawaruhusu, ila katika habari za hataza naomba tuvitenge.

Andika hivi: "Cooper alitangulia kubuni, lakini Goldfarb ndiye aliyetambuliwa kuwa mvumbuzi, akapewa hataza."